Maoni ya Sura ya Tisa

Mtu wa kwanza kuandika maoni juu ya kitabu kile alitumia kalamu ya kijani, na aliibonyeza kwa furaha mpaka karatasi ikatoboka. "Kitabu moto! Sijapata usingizi siku tatu. Mzee Chuma hana mpinzani!" Pembeni akachora na bastola ndogo inayotoa moshi. Usidhani ni mtoto huyo. Ni muuza simu wa pale kona, mtu mzima na ndevu zake, mwenye mke na watoto watatu.

Mkutubi aliyasoma maoni hayo akiwa amesimama, kitabu kikiwa wazi juu ya meza. Akaendelea kusoma. Angefanyaje? Kazi yake ndiyo hiyo.

Maktaba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na ukumbi mdogo kwa nyuma, lakini ilikuwa na utaratibu wake ambao usingeupata kwingine. Kila kitabu kilibandikwa karatasi ndani ya jalada la mwisho, na aliyekiazima hakupewa kingine mpaka aandike humo mistari miwili mitatu ya maoni yake na kutia jina au kazi yake. Asiyejua kuandika alisema, mkutubi akamwandikia neno kwa neno. Juu ya meza palitundikwa kipande cha boksi chenye herufi nene: MAONI YA MSOMAJI HAYAFUTWI, HAYACHANWI. Sheria hiyo aliitunga mkutubi mwenyewe. Bosi wa zamani aliwahi kuchana karatasi ya kitabu cha mashairi kwa sababu msomaji mmoja alisema kilimlaza usingizi mzuri sana, na mshairi alikuwa shemeji yake bosi. Mkutubi akaja juu, wakatupiana maneno mbele ya watu, nusura amwage unga. Mwishowe bosi akanywea. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja, na hakuna neno la mtu lililoguswa.

Wasomaji walimwita Mama Kimya, kwa sababu ya neno alilolisema mara hamsini kwa siku.

Basi Mama Kimya akasoma. Kitabu kiliitwa Ukoo wa Mzee Chuma, hadithi ya baba na wanawe wanne waliotawala mji kwa visu na moto, wakitoka kuua wanaketi mezani na kumwombea mama yao afya njema. Mama mmoja muuza vitambaa aliandika: "Familia zinazopendana namna hii siku hizi hakuna. Wanangu wangenipa heshima nusu ya ile, ningeshukuru." Heshima! Wanamletea baba yao masikio ya watu kwenye bahasha, mwenzetu anaona wivu. Chini yake dereva mmoja: "SURA YA TISA!!! Dobi alivyolia kama mbuzi, mbavu zangu mie!" Na chini yake mwandiko mwingine: "Na zangu." Na mwingine: "Nimeirudia mara nne."

Halafu mwalimu mstaafu wa hisabati, kwa mwandiko wa kupendeza, kila herufi imekaa kwenye mstari: "Lugha ni fasaha. Kuhusu sura ya tisa, dobi angekuwa makini na suti ya mteja, yasingemkuta. Ni fundisho zuri kwa mafundi wazembe."

Mkutubi alifunga kitabu, akaenda bafuni, akasukutua mdomo kana kwamba maneno yale ameyala.

Mtu mmoja tu kati ya kumi na tisa alisema jambo la kibinadamu. Ni muuguzi. "Nilikifunga ukurasa wa mia na kumi. Nimewahi kufunga bandeji mikono kama ile. Sikuona cha kuchekesha." Na juu ya maneno yake kuna jamaa alimchorea mshale: "Kasome vya watoto, dada."

Sasa nikwambie sura ya tisa ina nini, ili tuelewane. Kuna dobi mwenye duka la mlango wa buluu na kibao kilichoandikwa LETA LEO VAA LEO. Dobi huyo anaunguza suti nyeupe ya Mzee Chuma. Watoto wa Mzee wanakuja mchana kweupe, wanachomeka pasi ukutani, wanasubiri ipate moto huku wakipiga soga, kisha wanamshika dobi na kumpiga pasi mikono, mmoja baada ya mwingine, wakibishana kama aanzwe viganjani au vidoleni. Dobi analia mee, mee, kama mbuzi. Anajikojolea. Mwandishi amekaza kamba hapo kurasa sita nzima, na kila ukurasa una kichekesho chake. Ptuu!

Na kile kibao cha LETA LEO VAA LEO kilikuwa nyumbani kwa mkutubi, jikoni, kimegeuzwa rafu ya masufuria. Dobi alikuwa baba yake.

Watu wa mtaa huu hawakujua. Familia ilihama zamani kutoka upande mwingine wa mji, mkutubi akiwa na miaka minne, na kila aliyemuuliza Baba kwa nini anaficha mikono aliambiwa ni maji ya moto. Mkutubi mwenyewe aliambiwa ukweli na mama yake, mwaka ule mama alipokuwa kitandani akijua haamki tena. Alimwambia kwa kifupi: walikuja watu, wakamchoma baba yako kwa pasi, wewe siku hiyo ulikuwa kwa shangazi yako, namshukuru Mungu hukuona. Usimuulize, hapendi. Naye hakuuliza. Mwandishi, kwa maelezo ya jalada la nyuma, alizaliwa mtaa uleule wa zamani. Kumbe alikuwa ameisikia vibarazani, akaitia chumvi, akaitia na mbuzi, akaiuza.

Alhamisi mchana, maktaba ikiwa tupu, mkutubi alichukua wembe wa kukatia majalada. Alipanga kung'oa karatasi ya maoni kwanza, halafu kurasa sita, halafu aseme ni panya. Aliuweka wembe kwenye mshono wa kitabu.  Alikitazama kile kipande cha boksi juu ya meza, akajiona mnafiki, na bado hakuuondoa wembe.

Mlango ukafunguliwa, akaingia kinyozi.

"Mama Kimya! Hujambo, dada yangu?"

"Sijambo, kaka." Wembe ukateleza chini ya daftari.

Kinyozi huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wasomaji, mcheshi, mtu wa watu, na duka lake lilikuwa hatua mia kutoka hapo. "Kamati imekaa," alisema. "Jumamosi ya Wasomaji tunasoma Ukoo wa Mzee Chuma. Maoni kumi na tisa! Hakuna kitabu kilichofikisha kumi mwaka huu."

Jumamosi ya Wasomaji ilikuwa mara moja kwa mwaka. Kitabu chenye maoni mengi kilitolewa ukumbini, sura moja ikasomwa kwa sauti, na msomaji alikuwa mkutubi siku zote. Watu walijaa. Na kiti cha kwanza mstari wa mbele kilikuwa cha Baba, kwa sababu Baba hawezi kushika kitabu wala kufunua ukurasa, na siku ile aliisubiri mwaka mzima.

"Sura gani?" aliuliza mkutubi, ingawa alijua.

"Unauliza tena? Ya tisa!"

"Chagueni nyingine. Ile ya harusi. Ya harusi ina maneno matamu."

"Dada, watu wamepiga kura. Kwangu dukani nimeisoma mara tatu kwa sauti, na kila nikiisoma wateja wanataka nirudie. Jana nilishindwa kunyoa kwa kicheko, nusura nimkate mtu sikio."

"Mimi koo linaniuma," alisema mkutubi. "Sitaweza kusoma."

Kinyozi akang'aa uso. "Hilo lisikutie wasiwasi. Nitasoma mimi. Mbuzi nimemzoea." Akalia mee pale pale, katikati ya maktaba, mikono ameikunja kifuani, macho ameyatoa.

 Kama ni lazima isomwe, basi isisomwe na huyu. "Acha," alisema. "Nitasoma mwenyewe. Mpaka Jumamosi koo litakuwa limepoa."

Jioni alimkuta Baba ameketi sebuleni, mikono mifukoni mwa koti kama kawaida yake. Koti hilo alilivaa hata kwenye joto kali. Tangu jana yake, Jumatano, hakuwa sawa. Siku ile alitapika alipotoka kunyolewa, akasema ni tumbo, na hakula vizuri hadi jioni hiyo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umechelewa."

"Kazi. Baba, Jumamosi hii usijisumbue kuja. Ni mambo ya kamati matupu, kelele na mabishano. Utachoka bure. Nitakusomea hapa nyumbani kitu kizuri."

Mzee alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu. "Jumamosi ya Wasomaji nisiende? Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Baba. Tumbo lako tu."

"Tumbo limepona. Nipigie pasi shati jeupe."

Akaenda kulipiga pasi, afanye nini. Baba akavuta kiti akakaa karibu, kama alivyofanya kila mara, maana hata baada ya miaka arobaini hakuamini kwamba mtu mwingine anajua kupiga pasi. "Kola kwanza. Upande wa ndani, toka nchani kuja katikati. Mama, katikati! Sasa mabega. Usikimbilie mgongo, mgongo hauendi popote." Binti akafuata maagizo, machozi yakamdondokea shatini, na mvuke ukayaficha.  Alimwogopea. Aliona atakavyokaa pale mbele, watu wakicheka nyuma yake, naye hana hata mikono ya kuziba masikio.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Muuza simu alikuja na mke wake. Mwalimu alikuja na miwani miwili, ya kusomea na ya kutazamia watu. Muuguzi alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, amenuna. Baba akakaa mahali pake, shati jeupe, koti juu, mikono mifukoni.

Mkutubi alisimama mbele, nyuma ya meza yake iliyobebwa humo ilivyo, na daftari lake na kile kipande cha boksi, akasoma. Alijaribu kusoma haraka, kwa sauti bapa, apite pale bila kuonja maneno. Haikusaidia. Watu waliijua sura ile kwa moyo; walicheka kabla kichekesho hakijafika. Pasi ilipochomekwa ukutani mtu alipiga kofi pajani. Wale ndugu wanne walipoanza kubishana viganja au vidole, mama muuza vitambaa aliomba maji. Na ilipofika pale pa dobi kulia, mkutubi akaruka mstari. Ukumbi haukukubali.

"Umeruka, Mama Kimya! Mbuzi wetu yuko wapi?"

"Mee!" alilia kinyozi. "Mee!" wakajibu wengine, watu wazima, watu wanaosalimiana na Baba kila asubuhi na kumuuliza umeamkaje mzee wetu. Mkutubi aliwatazama midomo yao iliyo wazi, meno, ndimi, na akachukizwa nao mpaka akawa hawezi kuwatenganisha, huyu nani na yule nani. Upande wa Baba hakuthubutu kutazama. Alimaliza ukurasa wa mwisho bila kujua amesoma nini.

Makofi yalipokwisha, kinyozi alisimama. "Haya, utaratibu ni uleule. Mwenye maoni mapya aseme, Mama Kimya anaandika."

Mkono ukainuka mstari wa mbele.

Kwa kuwa mkono ule ulikuwa haujawahi kutoka mfukoni mbele ya watu, ilichukua muda kidogo watu kuelewa wanachokiona. Vidole vilikuwa vimeshikana, vitatu pamoja, na ngozi yake inang'aa na kukunjana mahali ambapo ngozi haikunjani. Baba akatoa na wa pili, akauweka juu ya goti.

"Andika, mama," alisema.

"Baba, twende nyumbani."

"Nimesikiliza, sasa nina maoni. Hapa mnasema kila msomaji ana maoni. Au mimi simo?"

Mkutubi alifungua jalada la mwisho, akashika kalamu.

"Andika: mwandishi amekosea. Pasi ilikuwa ya mkaa. Mtaa ule haukuwa na umeme mpaka nilipokwisha kuhama. Walisubiri mkaa ushike, mmoja wao anapepea na kifuniko cha sufuria yangu."

Watu wachache walicheka, wakidhani mzee anatania. Kinyozi alikuwa bado na tabasamu, ila lilikuwa limemgandia tu, hajui pa kuliweka.

"Andika: dobi hakuunguza suti. Sijawahi kuunguza nguo ya mtu maishani mwangu. Walikuwa wananiletea mashati yao kila wiki, yana damu. Nikafua mwezi wa kwanza, nikafua wa pili. Damu ya mtu uiloweke utakavyo, inabaki kwenye mishono. Mwezi wa tatu nikawaambia sifui tena. Basi. Ndiyo kosa langu."

Kalamu ilikuwa ikienda. Mkutubi hakuinua kichwa.

"Andika: Jumatano, kwa kinyozi, kilisomwa kitabu hiki. Nilikuwa kwenye kiti, shuka shingoni. Wote walicheka, na mimi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, wasije wakanijua. Nimeona mengi, lakini kitu kilichonitia kinyaa kuliko vyote ni kicheko changu. Nilipofika nyumbani nikatapika."

Kinyozi alikaa chini. Kiti hakikuwepo hapo alipokalia, akajikuta sakafuni, na hakuna aliyemcheka.

"Nimalizie," alisema Baba. "Hii ya mbuzi. Dobi hakulia. Si kwamba nilikuwa jasiri, mtu asinipambe. Niliuma kola ya shati la mteja, nikaiuma mpaka ikakatika, na jino moja likaenda nayo. Sikuweza kulia. Nyuma ya pazia kulikuwa na tenga la nguo chafu, na ndani ya tenga mtoto amelala. Mama yake alikuwa ametoka mara moja. Wale hawakujua kuna mtoto. Ningelia, angeamka. Angeamka, angetoka na kuja kwangu."

Kalamu ilisimama. Mkutubi alimtazama baba yake, na chumba kikawa mbali.

"Mama alisema nilikuwa kwa shangazi."

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo." Mzee alijikohoza. "Ulikuwa na usingizi mzito sana, mama. Hukuamka. Andika hivyo, kwamba hakuamka. Kisha weka hapo chini: dobi."

Akaandika. Herufi zilipinda, nyingine zikapanda mstari wa juu, lakini aliandika yote, mpaka na lile neno la mwisho.

 Muuguzi alitoka mwisho wa ukumbi, akaja akachuchumaa mbele ya mzee, akaishika ile mikono miwili bila kuomba ruhusa, kama watu wa kazi yake wanavyojua. Muuza simu alikuwa anatazama viatu vyake. Mke wake alikuwa amesogea kiti cha pili.

Mwalimu ndiye aliyejongea mezani. Alikuwa amevua miwani yote miwili, na jasho linamtiririka. "Binti yangu," alinong'ona, "naomba hiyo kalamu. Kuna sentensi yangu hapo juu. Ile ya mafundi wazembe. Naomba niikate tu, mstari mmoja."

Nyuma yake dereva naye alikuwa amesimama, na mama muuza vitambaa, na kinyozi aliyekuwa akijipangusa vumbi. Foleni nzima.

Wembe ulikuwa bado pale chini ya daftari. Mkutubi aliusikia kwa ncha za vidole. Siku mbili zilizopita alikuwa tayari kuyaondoa maneno yao yote yasionekane tena duniani. Sasa walikuwa wanamwomba.

Alikigeuza kitabu kikawaelekea wao, wazi, maoni yao juu na ya baba yake chini, wino wake bado mbichi. Akawaonyesha kile kipande cha boksi.

"Hayafutwi, Mwalimu," alisema.

Kisha akaenda kumfunga baba yake vifungo vya koti.